Dadu Chini ya Kikombe

Mwaro Ziro alikufa mara kumi na moja mbele yangu, na mara zote nilimcheka. Mara ya kwanza alizama kwenye matope ya sayari ambayo hata jina haikuwa nalo. Mara ya nne aliumwa na mmea. Mara ya tisa alisafiri angani miaka sitini, akafika penye maji safi, akainama kunywa, maji yakamnywa yeye. Siku hiyo nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikamwambia mkono wake una nuksi, aende Kipini akauoshe kwa maji ya chumvi. Yeye akatabasamu, akanisogezea karatasi nimwandikie mtu mwingine, kwa sababu hati yangu, alisema, inasomeka kuliko yake.

Nilikuwa nikimwandikia. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Nilimwandikia watu saba au wanane, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu mzima aliyemaliza kidato cha nne haandiki jina mwenyewe.

Kufa kwenyewe kulikuwa kwa mchezo. Mchezo wetu unaitwa Malka. Malka, kwa wasiotoka huku kwetu, ni njia ambayo mifugo hushukia kwenda mtoni, na pia ni pale penyewe inapokunywa. Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Watu wanne wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi: jina, umri, anachokijua, anachokiogopa. Msimulizi anaeleza yanayowakuta, wengine wanasema watafanya nini, na dadu zinaamua kama watafaulu. Hadithi ni ya miaka mia tatu ijayo. Mto Tana umekauka, watu wamepanda chombo na ng'ombe wao, na wanatafuta malka kwenye sayari nyingine. Ndiyo, ng'ombe angani. Bule alikataa kabisa kuondoka duniani bila ng'ombe.

Bule anauza dawa za mifugo hapa Garsen na ni mkubwa wetu kwa miaka kumi. Fardosa ni muuguzi wa zahanati. Mimi ni Sidi, nina duka la kutoa kopi na kuchapa barua, na ndimi msimulizi, kwa kuwa nina mdomo. Wa nne ni Mwaro, fundi simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka langu. Habari hii ni yake.

Wazazi wake walihamia Tarasaa kutoka upande wa Magarini kutafuta shamba, na huko ndiko alikozaliwa. Alikuwa na miaka tisa mafuriko ya mwaka wa tisini na saba yalipowafungia juu ya kituta, watu na mbuzi na kuku pamoja, siku sita. Siku ya saba ikaja helikopta ikashusha magunia ya mahindi. Watu wote walikimbilia mahindi. Mwaro alibaki ameinua uso, akimtazama mtu aliyekaa mlangoni huku miguu yake ikining'inia nje, yule aliyekuwa akimwonyesha rubani pa kushukia. Aliniambia mara nyingi kwamba hakutaka kuwa rubani. Alitaka kuwa yule wa mlangoni, anayeona kwanza.

Hakupata. Alipata bisibisi na kile chuma cha kulehemu, na kwa miaka kumi na mitano alifungua simu za watu wa Garsen kwa vidole vyembamba kama vya mshonaji. Hana makuu. Hasira yake huijui kwa sababu haionekani. Nimemwona akitukanwa na mteja kwa nusu saa, kisha akamuuliza kama angependa maji.

Mchezo ulizaliwa mwishoni mwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, barabara ilipokatika pande zote mbili na mji ukabaki kisiwa. Biashara hakuna, simu zimezima, tumekaa kwenye stoo ya Bule kwa kuwa imeinuka. Maji yalikuwa yameleta mlango wa mbao kutoka nyumba isiyojulikana, tukaulaza juu ya mapipa mawili ukawa meza. Mwaro akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Tuseme hii stoo ni chombo. Nje hakuna hewa. Mnafanya nini?" Alikuwa ameona watu wakicheza mchezo wa namna hiyo kwenye simu ya mteja. Fardosa akauliza chombo kina lita ngapi za maji, akaanza kugawa kwa vichwa. Hadi magharibi tulikuwa tumeshaua watu wawili na kuzaa ndama.

Maji yalipopungua hatukuacha. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulirudi kwenye ule mlango. Tukaandika sheria, kila mtu na kile anachokijua. Fardosa alisema kwao nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye huijenga na huibomoa watu wakihama, kwa hiyo chombo kitakuwa mali ya wanawake na hakitatua wala kuondoka bila wao. Mimi nilileta matanga, kwamba mtu akifa angani safari husimama siku tatu. Mwaro alipiga hesabu za redio: neno likitumwa kutoka chomboni linachukua dakika arobaini kufika, kwa hiyo aliyetangulia mbele yuko peke yake na uamuzi wake.

Wazo la huyo aliyetangulia lilikuwa la Bule. Babu yake, alisimulia, kabla ya kuhamisha ng'ombe alimtuma mtu mmoja mbele akaangalie majani na maji. Mtu huyo akirudi hakuulizwa kitu. Alipewa maziwa, akakaa, akanywa, akapumzika. Kisha alisema yote aliyoyaona na hakuna aliyemkatiza wala kumhoji, kwa sababu ng'ombe mia wangekwenda au kubaki kwa neno lake tu. Tukaiandika hivyohivyo. Mtangulizi anatupa dadu mbili chini ya kikombe cha bati, anainua ukingo upande wake, anazisoma peke yake, anafunika. Tunampa chai. Akimaliza anataja namba, na yeye mwenyewe, si mimi, ndiye anayesimulia sayari iko vipi. Namba kubwa, maji. Namba ndogo, balaa. Neno lake halihojiwi. Na mtangulizi akidanganya hatumwi tena. Mimi nikaongeza, "wala hakai tena mezani petu," kwa kuwa napenda sentensi zenye meno.

Mwaro aliomba kuwa mtangulizi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyempinga. Basi kwa miaka miwili alitupa dadu chini ya kikombe, na hakuna kati yetu aliyewahi kutazama. Ilikuwa ni heshima. Tungemwona mtu anayechungulia kuwa hana adabu.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya Februari mwaka huu, jua la Garsen likiwa limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga. Ng'ombe wetu walikuwa wamebaki arobaini na mmoja. Sayari iliyokuwa mbele tuliifuata miezi tisa, na kama ingekuwa na maji tungetua na kukaa. Mwaro akatupa, akainua ukingo, akafunika. Akanywa chai yake polepole, nasi tukangoja.

"Tatu," akasema. Akaanza kusimulia: vumbi tupu, upepo unaochuna ngozi, mguu wa chombo umevunjika. Alisimulia vizuri, masikini. Bule alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Fardosa alinyoosha mkono kuchukua sukari. Mkono wa buibui lake ukanasa kwenye mpini wa kikombe, kikombe kikainuka na kuanguka upande. Dadu zilibaki pale pale juu ya mlango, mchana kweupe. Sita na tano.

Kisha Bule, bila kupandisha sauti, akauliza, "Mwaro, hapa ni ngapi?"

Mwaro aliinamisha uso kidogo kuelekea meza. "Tatu. Si nimeshasema."

"Hii hapa mbele yako. Ngapi?"

"Tatu, Bule."

Bule akasogeza kiti nyuma. "Miaka mbili," alisema. "Ng'ombe mia moja na sitini imekufa kwa neno yako. Mimi nimelala njaa kwa roho kwa sababu ya hiyo ng'ombe, walahi, hata mke wangu anajua. Kumbe ni uongo?"

Najua ni ng'ombe wa karatasi. Lakini Bule hajui kuwa na ng'ombe wa karatasi. Nami nilikuwa na hasira yangu, kwa kuwa niliwazika wale watu kumi na mmoja kwa siku tatu tatu za matanga. Nikamwambia Mwaro neno ambalo leo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni. Nilimwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama."

Aliinuka. Aliutembeza mguu chini ya meza akitafuta slipa zake, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, na slipa zilikuwa mbele yake, za kijani, hapo penye jua. Akazipata, akavaa, akatoka huku akiigusa fremu ya mlango.

Fardosa alikuwa akiuangalia ule mguu. Kila asubuhi zahanatini huwaambia akina mama, mficha maradhi kifo humuumbua, na alikuwa amekaa kando ya Mwaro miaka miwili. Akasema, "Hakuziona," kisha akaanza kulia, jambo ambalo sikumwona akilifanya hata siku ya kumzalisha mama kwenye mtumbwi.

Jumatatu nilivuka barabara kwenda kibandani. Kwa mara ya kwanza nilikitazama. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimening'inizwa ukutani na kushika vumbi. Mbele kulikuwa na chaja, kava za simu na spika za masikio tu. Nilikumbuka kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiwaambia wateja simu za siku hizi hazitengenezeki, au waache zipelekwe Malindi. Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo kila siku kutoka ng'ambo ya barabara na kuiona ni uvivu.

Nilikaa kwenye stuli ya wateja. "Mwaro, ni mimi."

"Najua. Unaburuza kiatu cha kulia."

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia, tangu yale mafuriko yaliyotuletea mchezo. Hili la kushoto ni kama kuchungulia kwenye mfereji. Naona katikati, kidogo, pakiwa na mwanga. Pembeni hakuna kitu."

"Na dadu?"

"Ndani ya kikombe ni giza, Sidi. Sijawahi kuziona."

Nikamuuliza kile kilichonisumbua usiku kucha. Mtu akiamua kudanganya, hujidanganyia faida. Kwa nini yeye kila mara alijipa ndogo, na kujiua?

"Ningesema kubwa, mngefurahi," alisema. "Na furaha ile ningekuwa nimewaibia. Nikisema ndogo, hasara ni yangu."

"Si yako peke yako. Tulikuwa tunakulilia."

"Ulikuwa unacheka."

Mteja akaja akataka chaja, Mwaro akapapasa waya tatu, akampa iliyo sawa. Mteja alipoondoka akasema, "Hapa kibandani nimebaki muuza waya. Nyumbani mama ananishika mkono nikienda chooni na mimi namwambia nina usingizi. Pale mezani peke yake ndipo nilipokuwa natumwa mbele. Nilijua siku mkijua mtanihurumia. Na mtu wa kuhurumiwa hatumwi." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Bule amesemaje? Kuhusu kiti changu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba Bule hajasema.

Fardosa alimpeleka kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, wala hakumpa nafasi ya kukataa. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Angekwenda miaka miwili mapema angebaki na kingi zaidi. Hilo Fardosa alinieleza mara moja tu na sikumuuliza tena.

Nikamfuata Bule stooni nikamwambia tuifute ile sheria. Akakataa. Nilimwita moyo wa jiwe, na mengine. Akanisikiliza huku akipanga chupa za dawa ya kupe.

"Mtu anafuta sheria kwa sababu rafiki yake ameivunja," alisema, "hiyo si sheria. Na Mwaro atajua tumefuta kwa huruma. Atakaa, lakini hatakuwa amekaa."

Jumamosi tatu zikapita, ule mlango juu ya mapipa ukiwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nilifika mahali pa kuamini kwamba mchezo umekufa, na kwamba aliyeupiga risasi ni ile sentensi yangu yenye meno.

Jumatano ya wiki ya nne Bule aliingia dukani kwangu, akasimama mbele ya kompyuta kama anayekuja kuandika barua ya chifu. "Piga chapa," akasema. "Babu yangu kabla ya kutuma mtu alikuwa anaangalia miguu yake. Kama ina kidonda. Alikuwa anauliza, umelala? Umekula? Unaona vizuri? Hiyo mimi sikuwaambia, kwa sababu niliona ni jambo ndogo. Andika: Anayetuma bila kuangalia, huyo ndiye mwongo wa kwanza."

Nikaandika. "Na ile sheria ya mtangulizi mwongo?"

"Inabaki. Lakini kosa ya Mwaro imekuja nyuma ya kosa yetu. Kama yeye anatoka mezani, sisi watatu tunatoka mbele yake. Sasa wote tukitoka, ng'ombe arobaini na moja nani atachunga?"

Nilicheka, na machozi yakawa pale pale. Akanipa mgongo kwa adabu, akajifanya kusoma kalenda.

Tulivuka barabara pamoja. Mwaro aliisikiliza ile karatasi nikimsomea, kisha akatikisa kichwa. "Mnanihurumia, ndugu yangu Bule."

"Mimi sina huruma," Bule alisema. Akaweka kwenye meza yake ncha mbili za pembe za ng'ombe, zile sehemu ngumu zisizo na uwazi. "Mimi nataka dadu. Wewe ni fundi ama si fundi?"

Mwaro alizichukua akazigeuza vidoleni kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akakikosa kile chuma mara moja, akakishika mara ya pili.

Zilimchukua siku nane. Bule alikata vipande kwa msumeno, Mwaro akavisugua mpaka pande zikalingana, kisha akavitoboa kwa chuma cha moto, akipima nafasi kwa ukucha wa kidole gumba. Alijiunguza mara mbili. Pembe ikiungua inanuka vibaya mno, na nilipoteza wateja, nikapiga kelele barabara nzima isikie. Ilikuwa ni kelele ya furaha, na nadhani alijua.

Jumamosi tukarudi mezani. Kabla ya kumtuma, Bule akamuuliza mbele ya wote. "Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Wali na samaki."

"Unaona nini?"

Mwaro alivuta pumzi. "Naona mwanga upande wa mlango. Naona wekundu wa leso ya Sidi. Nyuso zenu sizioni."

"Basi nenda," Bule akasema.

Akatupa. Akaingiza mkono mzima chini ya kikombe, na tukamwona kwa mara ya kwanza akisoma. Ilichukua muda. Akautoa mkono, akafunika, akapokea chai. Fardosa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sote tulitaka kubwa. Nilitaka sita na sita jinsi sijawahi kutaka kitu, ili haki itendeke kwa mtu mmoja duniani, hata kama ni kwa pembe ya ng'ombe.

Akamaliza chai. "Tatu," akasema.

Namba ile ile. Wazo baya likanipitia: kwamba amezoea, kwamba anajitoa tena ili tusione vidole navyo vimemshinda. Nilimtazama Bule, na Bule hakukitazama kikombe. Akasema tu, "Wanawake wabomoe nyumba. Tunahama." Mwaro akasimulia vumbi, na mguu wa chombo ukavunjika, na tukamzika wa kumi na mbili.

Walipotoka nje, Bule kwenda kusali na Fardosa kuosha vikombe, mimi nilibaki kukusanya karatasi. Kikombe cha bati kilikuwa bado kimefunika. Mimi si mwema kama Bule. Nilifumba macho, nikapenyeza kidole chini, nikaipata pembe ya kwanza, ningali na joto la aibu usoni. Ilinichukua muda kuliko nilivyodhani. Nilipotea nikaanza tena. Tundu moja. Kisha ya pili, pole pole. Mawili.

"Sidi." Mwaro alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alikuwa amesikia bati likikwaruza mbao. "Nimesoma sawa?"

Ndipo nilipoelewa kwamba wakati wote ule wa chai hakuwa na uhakika, na alitutajia hivyo hivyo alichokigusa.

"Umesoma sawa," nikamwambia. "Moja na mbili."

Alibaki pale kidogo, uso umeinuka kuelekea kwenye mwanga. Kisha akaja akakaa kitini pake, akanisogezea karatasi tupu, akaniomba nimwandikie mtu mwingine.